Wageni Wanaokuja na Nyumba Zao

"Lakini nimekata rufaa," alisema Roslyn Tatnell. "Wanauzaje kitu kilichokatiwa rufaa?"

Wakili Anneke Dijkstra akamsogezea kikombe cha chai. Ofisi yake pale Hobart ilikuwa juu ya duka la mikate, na asubuhi ile ya Jumanne harufu ya skonzi ilikuwa imejaa hata ndani ya makabati ya mafaili.

"Sikiliza, Ros. Kukata rufaa ni kubisha hodi. Ukibisha hodi, aliye ndani haachi kula. Amri ya kuuza shamba iko hai, na mnada ni Jumamosi. Mpaka jaji aseme ngojeni, hakuna anayengoja. Hilo neno 'ngojeni' ndilo tunakwenda kuliomba Ijumaa."

"Tunamwomba nani?"

"Jaji yuleyule."

"Aliyeamuru shamba la babu yangu liuzwe?"

"Huyohuyo."

"Haya. Nikitoka hapo nitamwomba na kunguru anilindie cheri."

Dirishani, Glenys Burrill alicheka mdomo ukiwa umejaa pai ya nyama. Alikuwa mpelelezi wa kujitegemea, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa polisi zamani na sasa akifanya kazi za mawakili. Watu wa mahakamani walimjua kwa mambo mawili: viatu vyake vya mpira, na kutega vitendawili pale ambapo wenzake hutega mitego.

"Nieleze mimi kama mtoto," akamwambia Anneke. "Nilete nini?"

Anneke akaeleza. Roslyn na Darrell Voss walikuwa wameachana. Jaji aliamuru shamba lao la matunda ya cheri, kule bonde la Huon, liuzwe na fedha zigawanywe. Roslyn hakumnyima Darrell haki yake. Alichoomba katika rufaa ni abaki na shamba, amlipe mwenzake fungu lake kidogo kidogo kila mavuno, kwa kuwa ile miti ilipandwa na babu yake na yeye ndiye aliyeitunza. Kwa sasa Darrell ndiye aliyeshika funguo. Roslyn alilala kwa dada yake, na hakuruhusiwa kukanyaga shambani.

"Jaji atauliza maswali mawili," Anneke akaendelea. "La kwanza, je, rufaa ina mashiko? Hilo niachieni mimi. La pili, asipolizuia shamba lisiuzwe, kuna kitu kitapotea kisichorudi? Darrell ameapa kwamba hakuna. Anasema shamba linauzwa lilivyo, miti na matunda yake, kwa mkulima. Ros akishinda rufaa, atapewa fedha, au atalinunua upya na kuikuta miti palepale."

"Unamwamini?"

"Ninachoamini hakipandi kizimbani, Glenys. Niletee kitu ambacho jaji anaweza kukishika mkononi. Shamba likishabadilika likawa kitu kingine, rufaa yetu ni chai kwa mgeni aliyekwisha kuondoka."

Roslyn aligeuza kikombe chake. "Mwaka huu hajapogoa," akasema taratibu. "Nimeona kutoka barabarani. Matawi yamerefuka kama nywele za mfungwa."

Glenys akajifuta vidole. "Kitendawili."

"Tega," akajibu Roslyn, ambaye alilelewa na bibi.

"Ng'ombe anapelekwa sokoni, mwenyewe hata hamwogeshi."

Roslyn akafikiri. "Nimeshindwa. Nipe jibu."

"Sina. Ndiyo naenda kulitafuta."

*

Jumatano ilikuwa siku ya wanunuzi kutazama shamba. Glenys aliandika jina lake halisi kwa dalali pale getini, akapokea karatasi yenye picha nzuri kuliko shamba lenyewe, akaingia.

Maua yalikuwa yamefunguka. Safu kwa safu, mpaka chini mtoni, miti ilikuwa myeupe kama imetandikiwa mashuka. Watu wanne watano walitembea wakipiga teke udongo, kama wafanyavyo watu wanaotaka waonekane wanajua udongo.

Alianza na vigingi. Katikati ya safu kulikuwa na vigingi vya mbao vyenye utepe wa rangi ya waridi, vimenyooka kama mstari wa rula. Mpima ardhi, akasema Glenys moyoni, wameshaanza kugawa viwanja. Akavipiga picha vyote. Kisha akarudi kando ya gari na kumpigia Roslyn.

"Ros, kuna vigingi vyenye utepe safu za juu."

"Vya waridi? Hivyo ni vyangu mimi! Nilivipigilia mwaka jana, nilitaka kusimika nguzo za nyavu za kuzuia ndege. Jamani, vipo bado?"

"Vipo."

"Utepe niliununua wa waridi kwa kuwa ndio uliobaki dukani."

Glenys akafuta picha zile. Ng'ambo ya ua, kwa jirani, aliona buldoza. Akapanda kilima huku viatu vikilia chwa-chwa, akamkuta jirani anazibua bwawa lake. Buldoza lilikuwa la jirani, bwawa la jirani, na bwana yule alikuwa na furaha mno ya kupata mtu wa kumweleza habari za matope. Ilichukua muda kumponyoka.

Ndipo, akirudi kupitia katikati ya miti, Glenys akasimama.

Alisikia mto. Alisikia dalali akicheka getini. Mbwa alibweka mbali. Baada ya hapo, hakuna kitu. Alisimama chini ya mti uliofunikwa na maua kutoka shina hadi ncha, na mti ule ulikuwa kimya kama kanisa Jumatatu.

Akiwa njiani kuja alipita mashamba mengine ya cheri, na kila moja lilikuwa na masanduku meupe yamepangwa pembeni, na hewa juu yake ikitetemeka. Hapa hakuna. Akatafuta pale ambapo masanduku hukaa. Mwisho wa kila safu ya nne kulikuwa na jiwe lililopakwa chokaa, na mbele ya jiwe pamesawazishwa, upana wa paleti moja, lile jukwaa la mbao la kuwekea masanduku. Majani mapya yalikuwa yameota pale, marefu, hayajalaliwa na kitu. Mizinga haikuletwa. Akapiga picha mawe yale, na miti yenye matawi marefu yasiyokatwa.

Hilo lilikuwa moja. La pili alilipata alipochungulia tena juu ya ua wa jirani. Kule, chini ya mikaratusi, kulikuwa na miraba ya majani ya njano yaliyonyauka, kama pale unapoinua ndoo iliyosahaulika uani. Mizinga ilikaa hapo majira yote ya baridi, na iliondolewa karibuni tu.

"Umelipenda shamba?"

Darrell Voss alikuwa nyuma yake, mtu mrefu mwenye kofia safi na uso wa mtu anayelala vibaya.

"Maua ni mazuri," Glenys akasema. "Nyuki wako wapi?"

"Watakuja."

"Maua yameshafunguka, bwana. Yakidondoka kabla hawajaja, utavuna majani."

"Baridi imewachelewesha."

"Kwako tu? Kwa jirani zako haikupita?"

Darrell akainama kung'oa gugu ambalo halikuwa na kosa lolote. "Ukinunua, dada, utaleta nyuki wako mwenyewe," akasema, akaondoka.

Glenys alikaa ndani ya gari lake bila kuliwasha. Wanaoishi bonde la Huon hawahitaji kuandikiana mikataba ya nyuki. Ni desturi yao: mfuga nyuki huleta mizinga maua yakianza, huichukua yakidondoka, na Krismasi hupokea boksi la cheri. Mwenye shamba naye ana wajibu mmoja usiovunjwa hata na mlevi. Kabla ya kupuliza dawa, au kabla ya kuwasha moto, humpigia simu mfuga nyuki, aihamishe mizinga.

Wale waliotakiwa kuja hawakuja. Wale waliokuwapo karibu wameondolewa. Kwa hiyo simu ilipigwa. Dawa? Hakuna anayepuliza dawa maua yakiwa yamefunguka. Basi ni moto. Na moto unaohamisha hata mizinga ya ng'ambo ya ua si moto wa kuchoma takataka.

Moto wa kuchoma nini?

*

"Simama hapohapo," alisema Col Hattersley. "Umejipaka manukato?"

"Ni sabuni tu, mzee."

"Hata sabuni hawaipendi. Wanapenda watu wachafu kama mimi."

Ilikuwa Alhamisi, kwenye banda la mzee Col, mfuga nyuki wa mashamba yale, kule juu, karibu na msitu. Wavu wa uso aliutupia nyuma ya kofia, na bomba la moshi wa kutulizia nyuki lilikuwa mkononi. Glenys akajitambulisha na kusema anafanya kazi ya nani. Uso wa mzee ukajifunga kama mlango wa duka saa ya kufunga.

"Hapana, mama. Nina mizinga kwenye mashamba ya bonde zima. Nikianza kuingia kwenye ndoa za watu, kesho nitaiweka wapi? Baharini?"

"Sikuulizi habari za ndoa. Nakuuliza habari za nyuki."

"Ndiyo mlango wenyewe huo. Mtu huingilia nyuki, akatokea kitandani."

Glenys akacheka, kwa kweli. Akaketi juu ya sanduku tupu. "Basi nikutegee kitendawili, kisha niende zangu."

"Tega." Mzee alisema hivyo huku bado amenuna.

"Wageni wangu huja na nyumba zao, hula kwangu, na wakiondoka huniachia watoto."

"Ah! Nyuki, na anayesema ni mcheri. Hicho hata ndama anakijua."

"Na mwenye nyumba anayewaambia wageni hao wasije?"

"Huyo hataki..." Bomba lilitoa moshi mkononi mwa Col, likasahaulika. "Huyo hataki watoto," akamalizia polepole.

"Alikuambia usije, mzee?"

Col aliweka bomba chini, akalifunika.

"Alinipigia simu," akasema. "Kwa adabu, kama inavyotakiwa. Akasema, Col, mwaka huu usilete. Nikamwuliza, mmekosana na Ros mpaka na nyuki? Akasema, na ile mizinga yako ya kwa jirani, iondoe kabla ya mnada, maana wiki inayofuata tutakuwa na moto mkubwa, siku kadhaa, na sitaki moshi uwaumize."

"Moto wa nini?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza, au hukutaka kujua?"

"We mama una maneno!" Mzee akavua glavu, kidole kimoja baada ya kingine. "Shambani, kinachoteketea siku kadhaa ni miti. Ukiing'oa unaisukuma marundo, unachoma. Nimeona mengi yakifanywa hivyo. Sikutaka kulisema la Ros kwa mdomo wangu. Mashina yale ndiyo ya kwanza kunipa mahali pa kuweka mizinga, babu yake akiwa hai."

"Utaapa, mzee?"

"Nitamsaliti Darrell. Aliniheshimu."

"Utasema ulichoambiwa, usitie chumvi. Alikupigia kwa kuwa ni mtu wa bonde hili. Hilo nalo utalisema, ni la kumsifu."

Col alimtazama, halafu akatazama mizinga yake, imefungwa na kupangwa, nyuki wakilia ndani kama chungu kinachokaribia kuchemka. "Hawa nao wana njaa," akasema. "Kalamu iko wapi?"

*

Ijumaa, chumba cha mahakama kilikuwa kidogo na baridi. Jaji, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alikuwa amesoma kila kitu. Ilionekana kwa jinsi alivyoyaacha makaratasi bila kuyafunua.

Bwana Pascoe, wakili wa Darrell, alisimama kwanza akiwa ametulia. "Mheshimiwa, cheri ni mali kama mali nyingine. Aliyeshinda kesi asicheleweshewe matunda ya ushindi wake kwa sababu aliyeshindwa anapenda maua. Rufaa ikifaulu, fedha zipo. Hakuna kitakachopotea."

Anneke akaomba kumwuliza Darrell maswali machache juu ya hati yake ya kiapo. Jaji akakubali, akasema yawe machache kweli.

"Bwana Voss, ulimpigia simu bwana Hattersley?"

"Ndiyo." Darrell hakusita hata kidogo. "Huwezi kuwasha moto bila kumwambia mwenye nyuki. Si uungwana."

"Sawa kabisa. Moto wa kuchoma nini?"

Nyuma, Glenys aliona mabega ya Pascoe yakipanda.

"Matawi," akasema Darrell. "Ya kupogoa."

"Mwaka huu ulipogoa?"

Darrell akamtazama wakili wake.

"Mheshimiwa anazo picha alizopiga bi Burrill Jumatano. Kuna tawi lolote lililokatwa?"

"Hapana."

"Basi nauliza tena, bwana Voss. Ulitaka kuwakinga nyuki na moshi wa nini?"

Darrell akatazama mikono yake. Alikuwa mtu ambaye angeweza kuidanganya karatasi, lakini watu wa kwao wote walijua jibu, na mzee Col alikuwa ameketi pale amevaa koti lake la mazishi.

"Kuna mtu anataka kujenga nyumba ndogo ndogo za watalii," akasema hatimaye. "Kwa ajili ya kuangalia mto. Anataka ardhi tupu. Nilimwahidi kwamba wakati wa kumkabidhi miti itakuwa imeng'olewa."

"Una mnunuzi tayari?" Jaji ndiye aliyeuliza. "Na kesho ni mnada wa wazi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Yeye atakuja mnadani."

"Kwenye kiapo chako ulisema anayenunua atakuwa mkulima."

Bwana Pascoe akafunga faili lake taratibu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

Jaji aliandika kidogo, kisha akasema. Glenys aliyakumbuka maneno yake kwa muda mrefu, maana hayakuwa na hasira.

"Niliamua kesi hii, na bado naona niliamua sawa. Lakini ninaweza kukosea, ndiyo maana kuna walio juu yangu. Siyo kazi yangu kuhakikisha kwamba wao wakifungua mlango, watakuta ndani hakuna kitu. Fedha zinarudishwa. Mti uliochomwa haurudishwi. Utekelezaji wa amri ya kuuza nausimamisha mpaka rufaa isikilizwe."

Roslyn alimshika Glenys mkono kwa nguvu hata pete ikamchoma.

"Kwa masharti," jaji akaendelea. "Bi Tatnell ataharakisha rufaa yake, wala hataivuta. Atalipa mkopo wa benki na bima. Atachukua funguo leo na kulitunza shamba kama mtu anayetarajia kuvuna, na sehemu ya bwana Voss katika mavuno itawekwa pembeni, salama. Akishindwa lolote kati ya hayo, bwana Voss arudi hapa." Akatazama juu ya miwani, mpaka viti vya nyuma. "Bwana Hattersley, maua hukaa muda gani?"

Col akainuka, kofia mkononi. "Yalishaanza kudondoka safu za juu, Mheshimiwa. Chini mtoni bado. Nikipakia leo, tutawahi."

"Basi usikae hapa kunisikiliza mimi."

*

Jua lilikuwa linazama lori la Col lilipofika getini, mizinga imefungwa kamba na kufunikwa wavu. Glenys na Roslyn walitangulia. Pikapu ya Darrell ilikuwapo. Mwenyewe aliegemea boneti, sigara mdomoni, funguo zikining'inia kidoleni.

Glenys alikaa tayari, maana polisi wa zamani hawaachi kuwa tayari.

Darrell akaona kilichokuja nyuma yao. Akaitoa sigara mdomoni, akaizima chini ya kiatu, akakanyaga mara ya pili kuhakikisha haitoi moshi. Kisha akafungua geti mwenyewe, akalishikilia lori lipite.

"Anza mtoni," akamwambia Col dirishani. "Kule ndiko kulikofunguka zaidi."

"Najua," akasema Col. Halafu, akitia gia, "Asante."

Darrell akamwekea Roslyn funguo mkononi. "Rufaa bado, Ros."

"Najua. Na Krismasi utaletewa boksi lako. Jambo la pili, uking'oa hata gugu humu bila kuniuliza, nitakuletea nyuki wenyewe."

Nusura acheke. Akaingia kwenye pikapu yake, akaenda.

Glenys alilala kwenye kochi la Roslyn, katika nyumba ya pale shambani, na asubuhi ya Jumamosi aliamshwa na sauti. Alidhani ni mto umejaa. Akatoka barazani na kikombe, viatu vya mpira miguuni, akasikiliza. Sauti ilitoka kule chini, ikapanda safu kwa safu, na kila mti uliokuwa kimya Jumatano sasa ulikuwa unaongea.

Gari jeupe, refu, lilisimama getini. Bwana mmoja mwenye koti la mjini alishusha kioo, akatazama geti lililofungwa, akatazama karatasi yake. Glenys akaikariri namba ya gari, kwa kazi ya baadaye.

"Samahani, mama," bwana yule akamwita Roslyn, aliyekuwa anasawazisha majani kando ya jiwe la chokaa. "Mnada ni hapa?"

Roslyn akainuka, akafuta mikono kwenye suruali.

"Ulikuwa ufanyike hapa," akasema. "Leo haupo. Nina wageni."